Shajara ya mradi: majina ya vituo kati ya Bagamoyo na Ujiji

10 Februari

Leo tumeanza rasmi. Tuko kumi na wawili: mimi na wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka wa pili, chumba kimoja, kompyuta tisa zinazowaka. Kazi yenyewe ni hii. Tunachukua kila jina la mahali linalotajwa na wasafiri waliopita njia ya kati ya misafara kuanzia 1857 hadi 1876, tunaliingiza kwenye jedwali, tunalitafutia mahali pake ardhini, kisha tunachora ramani ambayo mwalimu yeyote wa historia ataweza kuifungua bila intaneti.

Nimefundisha njia hii kwa miaka kumi na minne kwa mstari mmoja ubaoni: Bagamoyo kulia, Ujiji kushoto, Tabora katikati. Wanafunzi wangu wanavijua vituo sita ambavyo Tanzania iliviingiza mwaka 2006 katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia, yaani Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wanavitaja kwa mpangilio bila kukosea. Lakini mwaka jana niliuliza darasani swali moja tu: kutoka Mpwapwa hadi Kilimatinde watu wa misafara walikunywa maji wapi? Hakuna aliyejibu, na mimi mwenyewe sikuwa na jibu la kutosha. Njia ina kilomita kama 1,200, na aliyeitembea ana mzigo begani. Nimeamua mwaka huu nilijibu swali lile.

Programu zote tunazotumia ni za bure: QGIS kwa ramani, OpenRefine kwa kusafisha majina, Zotero kwa kumbukumbu za vitabu, Tropy kwa picha za nyaraka, KoboToolbox kwa simu tutakapokwenda uwandani. Vitabu vya zamani nilivipakua nyumbani usiku, bando likiwa nafuu, nikavileta kwenye flashi. Wanafunzi wamegawana waandishi. Wawili wana Burton na Speke, watatu wana Stanley, wawili wana Cameron, wawili wanasoma maandishi ya Kijerumani wakiwa na kamusi mezani, na wawili wana masimulizi ya Tippu Tip, ambayo kwangu ndiyo hazina kubwa kuliko zote kwa sababu mwenyewe aliyatunga kwa Kiswahili.

17 Februari

Wiki nzima imeishia kwenye kusahihisha. Programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha inasoma Kiingereza cha karne ya 19 vizuri sana, lakini ikikutana na neno letu inayumba. Mgunda imekuwa "Mgimda" mara saba katika sura moja, kwa sababu herufi u na n zikikaribiana katika chapa ile ya zamani zinaonekana kama im. Kirangozi, yule kiongozi wa msafara aliyetangulia mbele, ametokea kwa sura nne tofauti. Programu inatafuta neno lililo karibu na kamusi yake, na kamusi yake haina kirangozi.

Nimewakataza wanafunzi kusahihisha moja kwa moja. Tumeweka safu mbili: moja jina kama lilivyochapwa kitabuni, ya pili jina kama tunavyolisoma sisi. Atakayekuja baada yetu aione njia tuliyopita mpaka tukafika kwenye neno tuliloliamini.

3 Machi

Asubuhi tulifungua ramani kwa mara ya kwanza na majina 140 ya mwanzo. Darasa lilikuwa na shauku kubwa, projekta imewashwa, mapazia yamefungwa. Ramani ikajichora, na Tanzania ikawa tupu kabisa. Hakuna nukta hata moja.

Mwanafunzi mmoja akasogeza ramani juu, ndipo tukaziona. Bagamoyo ilikuwa kwenye milima ya kusini mwa Ethiopia. Mpwapwa ilikuwa Ethiopia pia, kusini-magharibi. Tabora ilikuwa Sudan Kusini, na Ujiji, mji wa ziwani, ulikuwa umekaa karibu na Maridi, nchi kavu kabisa. Ilituchukua dakika chache kuelewa. Mpwapwa iko latitudo 6.35 kusini mwa Ikweta, na kwa kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Tuliandika 6.35. Tulipaswa kuandika -6.35. Ikweta imekuwa kama ukingo wa maji ya kisima, na sisi tumeiona sura ya nchi yetu upande wa pili.

Nilitaka kusahihisha kwa amri moja na kuendelea. Nikaacha. Tulitumia saa nzima iliyobaki kuzungumzia alama hiyo ndogo, kwa sababu nilitaka wajue kwa mikono yao kwamba kompyuta haijui Ujiji ni mji wa ziwani. Sisi ndio tunaojua. Ramani ikikupa jibu, mtu wa kwanza kulihoji ni wewe unayelijua ziwa. Baada ya hapo kila mmoja alisahihisha mistari yake mwenyewe.

21 Machi

Majina sasa yamefika 390 na usafi wake ndio kazi ngumu. OpenRefine ina uwezo wa kukusanya pamoja maneno yanayofanana ili uamue kama ni kitu kimoja. Kwa tahajia za kigeni imetusaidia sana. Imeziona Ujiji, Udjidji ya Wajerumani na Oujiji ya Wafaransa kuwa ndugu. Imeileta Mpapua karibu na Mpwapwa. Bagamojo nayo imerudi nyumbani.

Tatizo ni viambishi. Ugogo ni nchi, Wagogo ni watu, Mgogo ni mtu, Kigogo ni lugha. Kwa mtoto wa darasa la tatu hilo halina shida. Kwa programu hayo ni maneno manne yenye herufi tofauti mwanzoni. Wakati huohuo inaweza kunishauri niunganishe Usagara na Usangara. Tumeandika kanuni fupi inayokata U-, Wa-, M- na Ki- kabla ya kulinganisha, kisha tunapitia kila kundi kwa macho.

Kosa lililotokea leo ndilo lililonifundisha zaidi. Kundi moja lilikuwa na Marenga Mkali na Mgunda Mkali, kwa kuwa neno la pili ni lilelile, na aliyekuwa zamu akayaunganisha. Binti mmoja wa kutoka Mpwapwa aliyekuwa nyuma yake akasema, "Subiri, hiyo siyo moja. Malenga ni maji." Akalitamka kwa l, kama wanavyosema nyumbani kwao. Wasafiri walisikia r, au walisikia kwa watu wa mbele waliotamka r. Marenga Mkali ni maji makali, ya magadi, pale mtu anapotoka Mpwapwa kuingia Ugogo. Mgunda Mkali ni shamba kali, ule mwitu mkavu baada ya Ugogo kabla hujafika Unyamwezi. Ni jangwa mbili, na kati yake kuna nchi nzima ya watu wenye mifugo na visima.

Kwa muda wa mwezi mzima binti huyu alikuwa hazungumzi sana darasani. Leo chumba kizima kiligeuka kumtazama. Tumeongeza safu mpya kwenye jedwali, inaitwa maana ya jina na lugha yake, na yeye ndiye msimamizi.

8 Aprili

Siku tatu nimekwama kwenye mstari mmoja wa jedwali, nao ni Simbamwene.

Stanley anaandika Simbamwenni. Alipita hapo 1871 na kuusifu mji uliozungukwa na ukuta, kando ya mto Ngerengere, chini ya milima ya Uluguru. Mji ulijengwa na Kisabengo, na alipokufa ukawa chini ya binti yake, ambaye ndiye Simbamwene. Stanley aliporudi mwaka uliofuata mafuriko yalikuwa yamebomoa ukuta. Leo hapo ni Morogoro. Basi niandike nini kwenye safu ya mahali? Jedwali linataka namba mbili, latitudo na longitudo, na linataka jina moja. Lakini jina hili lilikuwa la mtu kabla halijawa la mji.

Nilipoanza kutazama mistari mingine kwa jicho hilo, nikaona yamejaa. Tippu Tip katika masimulizi yake mara nyingi haelekei mahali, anaelekea kwa mtu: tukafika kwa fulani, tukalala kwa fulani. Ni Kiswahili chetu cha kila siku, hata leo mtu anashuka daladala kwa jina la mzee aliyekuwa na duka pale. Katika karne ya 19 bara ilikuwa hivyo kwa uzito zaidi. Mtemi akifa, au akishindwa vita, au kisima kikikauka, kijiji kinaweza kuhama na jina likaenda nacho, au jina likabaki na watu wakaondoka. Urambo yenyewe ni nchi ya Mirambo, na Mirambo alikufa 1884. Zungomero, ambako Burton na Speke walipita 1857 wakakuta kituo kikubwa cha misafara, haipo tena kama mji. Njia iliyopita huko ilihamia kaskazini. Kazeh, jina lililojaa katika vitabu vya Burton na Speke, limemezwa na Tabora.

Kwa hiyo tumebadilisha umbo la jedwali, na hili ndilo badiliko kubwa tangu tuanze. Kila mstari sasa hauhusu mahali. Unahusu tukio: mtu fulani, mwaka fulani, alisikia jina fulani, akiwa takriban hapa. Simbamwene wa 1871 ni mstari mmoja, Simbamwene wa 1872 baada ya mafuriko ni mwingine, Morogoro ya Wajerumani ni wa tatu. Tumeweka na safu ya uhakika yenye ngazi tatu: tumefika, tunaamini, tunakisia. Ramani itaonyesha nukta nzito kwa tulikofika na nukta hafifu kwa tunakokisia.

Kazi imeongezeka maradufu. Wanafunzi wawili wamelalamika, nami nimewaelewa, maana walikuwa wameshamaliza fungu lao. Tumekaa hadi saa moja jioni tukigawana upya.

6 Mei

Leo niliandika somo zima ubaoni kutokana na kosa la mashine, na naliandika hapa kwa urefu kwa sababu limejibu sehemu ya swali langu la Februari.

QGIS inaweza kukokotoa njia nyepesi kati ya nukta mbili. Unaipa sura ya nchi, milima na mabonde, nayo inatafuta mahali ambapo mtu atatumia nguvu kidogo zaidi. Sura ya nchi tuliipata bure: ni vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour mwezi Februari 2000, siku kumi na moja kikizunguka dunia na rada. Tuliipa Mpwapwa na Tabora, tukasubiri. Mstari ukatokea umenyooka vizuri, ukikwepa milima, ukikata katikati ya Ugogo na kupenya Mgunda Mkali kama barabara ya lami.

Kisha tukaweka juu yake vituo vyetu vya kweli, kutoka vitabuni. Havikuukalia. Misafara ilikuwa inapinda, inarudi kaskazini, inashuka kusini, inasimama siku tatu mahali ambapo mashine haikuona sababu ya kusimama.

Nikauliza: kwa nini wapagazi wenye akili zao, wanaotembea njia hii maisha yao yote, wasipite njia nyepesi? Majibu yalikuja taratibu. Maji. Chakula. Hongo, yaani ushuru wa kupita. Rada ya angani inaona mteremko, haioni kisima. Na katika Ugogo kisima kilikuwa na mwenyewe. Watemi wa Wagogo walitoza hongo, na ilitozwa kwa vitambaa. Hapo nikawaletea doti ya kanga ya mke wangu darasani, nikaikunjua mbele yao. Doti wanaijua wote, ni kanga mbili. Wengi hawakujua kwamba kipimo hicho kilitembea na misafara: shuka moja mikono minne, doti moja shuka mbili, mikono minane. Kitambaa kilichopendwa kiliitwa merikani kwa sababu kilitoka Marekani, viwanda vya Massachusetts, kupitia bandari ya Salem. Mpagazi alibeba hadi frasila mbili hivi, na frasila ni kilo kama 16. Mtu mmoja amebeba mtumba wa merikani begani, na mtumba huo unapungua kila wanapokunywa maji.

Neno lililotufungulia lilikuwa terekeza. Burton na Stanley wote wanalitumia, na wapagazi ndio waliowapa. Kwa kawaida msafara ulitembea alfajiri ukapiga kambi kabla jua halijawa kali. Lakini mbele kukiwa na nchi isiyo na maji, walibadilisha. Walijaza vibuyu, wakapika na kula mchana, wakaanza kutembea alasiri, wakalala porini bila maji usiku mmoja, wakaamka mapema na kufika kisima cha pili asubuhi kabla jua halijawaua. Safari moja ya kiu inagawanywa nusu mbili, kila nusu ikapewa ubaridi wake. Hiyo ndiyo terekeza. Niliwaambia wanafunzi wachukue saa, wahesabu. Wakihesabu kwa kutembea asubuhi tu, Marenga Mkali haivukiki na mzigo ule. Wakihesabu kwa terekeza, inavukika.

Huo ni ujuzi, nimewaambia. Ni mpango uliofikiriwa na watu wasiojua kusoma ramani ya karatasi, na ulifanya kazi miaka mingi. Tumefundishana kwa muda mrefu kumwita mpagazi mtu wa nguvu tu.

Sasa tumeiongezea programu tabaka la maji. Kila kisima na korongo lililotajwa kitabuni linapunguza gharama ya njia. Mstari mpya umeanza kupinda. Bado hauvikalii vituo vyote, lakini umeanza kufanana na watu.

30 Mei

Siku ya kupumzika kutoka kwenye jedwali. Nimewaonyesha shajara ya Livingstone ya 1871.

Akiwa Nyangwe, Manyema, ambako leo ni mashariki mwa Kongo, karatasi zilimwishia na wino pia. Akaandika juu ya gazeti kuukuu la London, kwa wino aliojitengenezea kwa mimea, mistari ikikatiza ile ya chapa. Baada ya miaka mia na zaidi wino umefifia na gazeti limeshinda. Timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilizipiga picha kurasa zile kwa mwanga wa aina nyingi, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wino wa chapa na wino wa mimea haviupokei mwanga kwa namna moja. Mwaka 2011 wakaweka hadharani maandishi yale, kila mtu ayasome.

Niliweka picha mbili skrinini. Ya kwanza gazeti la kawaida lenye madoa. Ya pili ukurasa uleule, chapa imefifishwa, na mwandiko wa mtu umejitokeza ukiwa umeegemea upande. Chumba kilikuwa kimya. Mambo anayoyaeleza ni ya Julai 15, 1871, siku watu waliokuwa sokoni Nyangwe walipopigwa risasi na wengine wakazama mtoni Lualaba. Wengi waliyasoma mauaji hayo katika kitabu kilichochapwa 1874 baada ya kufa kwake, na kitabu hicho hakilingani na alichoandika siku zile. Wanafunzi walisoma vipande viwili kwa pamoja na kupigia mstari maneno yaliyoachwa.

Wawili waliuliza kama tunaweza kuzifanyia hivyo barua za Kiswahili cha herufi za Kiarabu zilizofifia majumbani kwa watu. Vifaa vile hatuna. Lakini tulipiga picha kwa simu barua moja ya familia ambayo mwanafunzi mmoja aliipewa na bibi yake kwa ruhusa, mchana kweupe dirishani, kisha kwenye kompyuta tukatenganisha rangi nyekundu, kijani na bluu. Katika bluu mistari miwili iliyokuwa haionekani ilisomeka kidogo. Kuisoma ni kazi nyingine, kwa kuwa mwandiko ule hautenganishi e na i, wala o na u, na b inaweza kuwa b, mb au hata p. Mwenye barua amesema atamsomea bibi, bibi amsahihishe.

19 na 20 Juni, Mpwapwa

Tumekwenda wanane. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza, makorongo yamekauka mchanga mtupu.

Fomu ya KoboToolbox tuliiandika kwa Kiswahili na simu zilifanya kazi bila mtandao. Unafika mahali, unasimama dakika mbili simu itulie, inakupa nukta yenye makosa ya mita tano hivi, unapiga picha, unaandika jina kama mwenyeji anavyolitamka, unarekodi sauti akikubali. Binti wetu wa Mpwapwa ndiye aliyetutangulia kwenye kila nyumba. "Mbukwenyi," anasalimia kwa Kigogo, na mlango umeshafunguka.

Kuelekea Chunyu mzee mmoja alituchukua mwenyewe hadi korongoni. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia tunatafuta mahali watu wa misafara walipokunywa maji. Hakusema kitu. Alichukua kipande cha kibuyu alichokuwa nacho, akapiga magoti kwenye kona ya korongo ambapo mchanga ulikuwa na rangi nyeusi kidogo, akaanza kuchimba. Baada ya kina cha mkono mzima hadi begani, mchanga ukawa na unyevu, kisha maji yakaanza kujikusanya chini polepole, ya rangi ya chai ya maziwa. Akasubiri yatulie. Akateka. Akanionjesha.

Yana chumvi. Siyo ya kushindikana, lakini ulimi unajua. Mtu wa pwani aliyewahi kuoga baharini akaacha maji yamkaukie mwilini anaijua ladha ile midomoni. Mwanafunzi aliyekuwa na simu alikuwa anasubiri kuandika jina la mahali. Mzee akasema hapa hapana jina, maji huwa yanahama na mvua, mwaka mwingine unachimba pale, mwaka mwingine kule kwenye kona. Babu yake ndiye aliyemfundisha kuangalia rangi ya mchanga.

Kwenye jedwali letu kuna kisima kimoja hapo chenye nukta moja. Jioni nimekifuta, na badala ya nukta tumechora eneo refu linalofuata korongo, urefu wake karibu kilomita mbili.

11 Julai

Nimefungua safu mpya, na naamini ndiyo safu muhimu kuliko zote: mtaja jina. Nani alilitamka jina hili sikioni mwa mwandishi?

Jedwali letu lilikuwa na majina ya waandishi kila mstari. Burton, Speke, Stanley, Cameron. Lakini Burton hakuijua Mgunda Mkali, aliambiwa. Nikarudi vitabuni kutafuta walioambia. Sidi Mubarak Bombay ndiye wa kwanza kuonekana, kwa sababu alikuwepo mara nyingi mno. Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, akarudi huru. Alikuwa na Burton na Speke 1857, na Speke na Grant 1860, na Stanley 1871, na Cameron alipovuka bara hadi pwani ya Angola 1875. Ni wachache wa miaka ile waliotembea Afrika kama yeye. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa medali ya fedha. Alikufa 1885.

Wengine ni Chuma na Susi, waliobeba maiti ya Livingstone pamoja na wenzao kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwaka huohuo walikaa Uingereza na Horace Waller, mhariri wa shajara za Livingstone, wakimweleza safari ya mwisho, mahali baada ya mahali, na kitabu kikakamilika kwa vinywa vyao. Mistari yote ya njia ile ya kurudi tumewaandika wao kama wataja majina. Tulikuwa tumemwandika Waller.

Tumepitia mistari 612. Yenye mtaja jina anayejulikana kwa jina lake ni 83. Mingine kitabu kinasema kirangozi, au mpagazi Mnyamwezi, au watu wetu. Mingi haisemi kitu. Tumekataa kuacha nafasi hizo tupu. Tunaandika lile ambalo kitabu kinaruhusu: kirangozi, jina halikuandikwa. Au: hakutajwa. Darasa lilijadili kama huko ni kujaza jedwali kwa maneno yasiyo na kazi. Binti wa malenga akasema nafasi tupu mtu atadhani hakukuwa na mtu. Hakuna aliyebisha zaidi.

2 Agosti

Ramani imechapwa karatasi kubwa na kubandikwa ukutani, na faili lote pamoja na ramani inayofunguka bila intaneti viko kwenye flashi ishirini. Reli imechorwa kwa mstari mwembamba wa kijivu, kutoka Dar es Salaam 1905 hadi Kigoma 1914, ili mtu aone ni vituo vipi ilivipitia na vipi iliviacha kando vikafifia. Mpwapwa iko kando. Mwalimu mmoja wa sekondari huko ameshachukua flashi tatu na ameniomba fomu ya simu, anataka kidato cha tatu wapite makorongo mengine kabla ya mvua.

Kipande cha Kilimatinde hadi Kwihara bado kina nukta hafifu tupu, hakuna hata moja nzito. Tumepanga kwenda Septemba. Mzee wa Chunyu tumempelekea picha yake akiwa amepiga magoti na mkono umezama mchangani, na katika jedwali, kwenye mstari wa eneo lile lisilo na jina, yeye ndiye mtaja.